Kimbunga Hidaya, Mei 2024: kwa nini Kilwa haikuona bahari ile ile ya Dar

Jumapili ya tarehe 5 Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikuwa imekatika ndani ya Wilaya ya Kilwa. Maji yalikuwa yamesomba njia maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, na magari yalipanga foleni huku na huku. Siku hiyo hiyo, Dar na Unguja, wapo waliokuwa wakiulizana kimbunga chenyewe kilikuwa wapi, maana boti zilisimamishwa na watu walizuiwa kwenda baharini kwa kitu ambacho wao waliona ni mvua na upepo wa kawaida.

Wote walikuwa wakizungumzia dhoruba moja, iliyotua usiku mmoja, sehemu moja. Tofauti ya walichokiona haikutokana na bahati, wala haikutokana na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kutia chumvi. Ilitokana na mambo mawili ambayo kila nahodha na kila mwenye chombo cha kuvulia anatakiwa kuyajua kabla hajauliza kasi ya upepo: yuko upande gani wa kitovu cha kimbunga, na mwezi uko siku ya ngapi. Kisa cha Hidaya kinafaa kuchambuliwa kwa makini kwa sababu mambo yote mawili yalionekana ndani yake.

Kwanza mfuatano wenyewe. Mwishoni mwa Aprili mgandamizo mdogo wa hewa ulijijenga kaskazini-magharibi ya Madagaska, upande wa Komoro. Tarehe 1 Mei, Jumatano, ulikuwa umeshapata nguvu ya kupewa jina. Kituo cha kanda kilichoko kisiwa cha La Réunion, chenye jukumu la kufuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi kusini-magharibi, kiliendelea kuupandisha daraja, na kabla ya wiki kwisha Hidaya ilikuwa kimbunga kamili. Katika bahari hii daraja hilo linaanzia kilomita 118 kwa saa, zikipimwa kama wastani wa dakika 10. Kufikia Alhamisi taarifa za TMA zilikuwa zimeshasambaa. Ijumaa tarehe 3 kitovu kilikuwa yapata kilomita 400 mashariki ya pwani ya Mtwara, na TMA ikataja upepo wa kilomita 130 kwa saa. Jumamosi safari za boti kati ya Dar na Unguja zilisitishwa. Usiku wa Jumamosi kitovu kiliingia kisiwa cha Mafia, nguvu zikaisha, na TMA ikatangaza kwamba kimbunga hakipo tena.

Kwa nini kije kwetu, na kwa nini Mei

Pwani yetu ina kinga mbili za asili. Moja ni Madagaska. Dhoruba nyingi za bahari hii huzaliwa mashariki mwa kisiwa hicho, na zikielekea magharibi hukigonga au hugeukia kusini kabla ya kukifikia. Ya pili ni ukaribu wetu na Ikweta. Ili hewa ijizungushe kwa nguvu inahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, na msukumo huo hupungua kadiri unavyoikaribia Ikweta. Mafia, iliyo karibu nyuzi 8 kusini, inapata chini ya nusu ya msukumo wa mahali palipo nyuzi 18, ambako vimbunga vingi vya Madagaska na Msumbiji hukomaa.

Kwa hiyo kimbunga cha kufika Tanzania lazima kipite upenyo mwembamba: kizaliwe kaskazini ya ncha ya Madagaska, kisukumwe magharibi bila kukunja kusini, na kikute maji ya moto njia nzima. Maji yanatakiwa yawe angalau nyuzijoto 26.5, na si juu tu bali mpaka mita 50 hivi kwenda chini, kwa sababu mawimbi ya dhoruba yenyewe hukoroga bahari na kuyaleta juu maji ya baridi. Aprili bahari yetu inakuwa na nyuzijoto 28 hadi 30. Ndiyo maana ukipanga tarehe za vimbunga vilivyotugusa au kutusogelea vinajipanga mahali pamoja: Unguja 15 Aprili 1872, Lindi 15 Aprili 1952, Kenneth Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, na Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024. Januari na Februari ukanda wa mvua uko kusini mno, na dhoruba zake huishia huko. Aprili ukanda huo unapanda kuja juu yetu, bahari imeiva kwa joto, kaskazi, upepo wa msimu wa kutoka kaskazini, imekufa na kusi, ule wa kutoka kusini, haijatulia. Ni kipindi cha maleleji, na ndicho chenye hatari, ingawa watu wengi wa pwani wanakiona cha mapumziko kwa sababu upepo wake ni dhaifu.

Mwaka 2024 kulikuwa na nyongeza. El Niño ya 2023/24 ilikuwa inaishia, na bahari ya upande huu wa magharibi ilikuwa bado na joto lililopita kawaida. Bara nako masika yalikuwa yameshalowanisha ardhi kupita kiasi: Rufiji na Kibiti zilikuwa na mafuriko tangu mapema Aprili. Mvua ya Hidaya iliangukia ardhi isiyoweza kunywa tone lingine, na hilo linaeleza sehemu kubwa ya yaliyotokea barabarani Kilwa.

Upande wa kitovu

Kusini mwa Ikweta hewa ya kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Chora duara, weka kitovu katikati, fuata mshale wa saa. Aliye kaskazini ya kitovu anapigwa na upepo wa kutoka magharibi. Aliye kusini anapigwa na upepo wa kutoka mashariki. Aliye magharibi, yaani mbele ya kimbunga kinachokuja kwetu, anapigwa na upepo wa kutoka kusini. Aliye mashariki, nyuma yake, anapata wa kaskazini.

Sasa weka kitovu Mafia. Kilwa Masoko iko kusini. Huko upepo unatoka baharini na kusukuma maji kuelekea nchi kavu, mawimbi yanajipanga kuja pwani, na hewa yenye unyevu inapandishwa juu ya vilima vya nyuma ya Kilwa na kumwaga mvua. Isitoshe, mwendo wa kimbunga chenyewe kuelekea magharibi unajumlika na upepo wa upande huo. Hidaya ilikuwa ikisogea polepole, wastani wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa, kwa hiyo nyongeza haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo. Katika kizio chetu, yaani nusu ya dunia iliyo kusini mwa Ikweta, upande wa kushoto wa njia ya kimbunga ndio wa hatari, na kwa kimbunga kinachokwenda magharibi kushoto ni kusini.

Dar es Salaam iko kaskazini. Huko upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Unapita juu ya majengo, miti na milima, unapungua kasi, na maji ya ufukweni unayavuta nje badala ya kuyasukuma ndani. Kwa macho ya mtu aliyesimama Coco Beach bahari inaweza kuonekana nafuu kuliko siku ya kusi kali. Kilomita 50 nje habari ni nyingine, kwa sababu upepo ule ule umeshapata nafasi ya kujenga mawimbi.

Kutoka Mafia hadi Dar hakuzidi sana kilomita 130. Utabiri wa njia ya kimbunga kukosea kilomita 100 kwa saa 24 zijazo ni jambo la kawaida duniani kote. Tafsiri yake ni kwamba Ijumaa usiku hakuna mtaalamu aliyeweza kuapa kwamba kitovu hakitapita Bagamoyo. Kingepita huko, Dar ingekuwa upande wa kusini, upepo ukitoka baharini kuingia moja kwa moja Kigamboni na Msasani. Waliosimamisha boti walikuwa sahihi kwa taarifa waliyokuwa nayo, na wangekuwa sahihi hata kama jua lingewaka Jumapili asubuhi.

Kusi inavyokificha kimbunga

Hapa ndipo mvuvi mzoefu anapoweza kudanganyika kuliko mgeni. Mapema Mei kila mtu anangojea kusi. Kimbunga kikiwa bado mashariki kwako, upepo unaokupiga ni wa kusini. Ndio ule ule unaoungojea, katika msimu wake, ukiongezeka kidogo kidogo. Ngozi na tanga haviwezi kukwambia kwamba chanzo chake ni kingine. Zipo alama tatu zinazoweza.

Ya kwanza ni baromita, chombo cha kupima mgandamizo wa hewa, na siku hizi baadhi ya simu zina kipimo hicho ndani yake. Katika bahari ya tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku bila kukosa: juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, tofauti ikiwa hektopaskali 2 hadi 3. Kusi ikiingia kwa kawaida haileti mporomoko. Mara nyingi mgandamizo unapanda, kwa sababu kusi inaletwa na hewa nzito ya kusini. Kwa hiyo linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, usilinganishe asubuhi na alasiri. Ukikuta imeshuka hektopaskali 3 chini ya kawaida ya saa hiyo, shuku. Ikishuka 5, dhoruba haiko mbali, na muda wa kujadiliana umekwisha. Kosa la kawaida ni mtu kusoma saa kumi alasiri, akaona imeshuka 3 tangu asubuhi, akatia watu hofu bure. Kesho yake hawamsikilizi tena.

Ya pili ni mawimbi yenyewe. Mawimbi yanayojengwa na kusi ya hapa hapa ni mafupi: hesabu kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine utapata sekunde 5 hadi 7. Mawimbi yaliyozaliwa kwenye kimbunga na kusafiri mbali yanafika yakiwa yamenyooka, laini, yenye sekunde 10 hadi 12. Wimbi la sekunde 10 husafirisha nguvu zake kwa karibu kilomita 28 kwa saa katika kina kirefu, na la sekunde 12 kwa karibu kilomita 34. Hidaya ikiwa kilomita 400 mbali siku ya Ijumaa, mawimbi yake yalihitaji saa 12 hadi 14 tu kufika pwani, wakati kitovu chenyewe kilihitaji zaidi ya siku nzima. Mawimbi ndiyo mjumbe anayetangulia. Namna ya kuyapima ni rahisi: chagua kipande cha mwani au boya, hesabu linavyopanda mara 11, pima kwa saa ya mkononi kuanzia la kwanza hadi la mwisho, gawanya kwa 10. Rudia mara tatu. Hili lifanyike upande wa mwamba unaotazama bahari kuu, siyo ndani ya ghuba.

Usichanganye na mawimbi marefu ya kusini kabisa ya dunia, ambayo hufika kwetu miezi hiyo yakiwa na sekunde 13 hadi 17. Hayo yanatoka kusini. Ya kimbunga kama Hidaya yanatoka mashariki. Mwelekeo ndio unaoamua. Wimbi refu la kutoka mashariki, upepo ukiwa wa kusini, maana yake ni kwamba kuna kitu kimelala upande wa mashariki ambacho hukioni.

Ya tatu ni upepo kugeuka, na hii inakwambia pia uko upande gani. Uupe upepo mgongo: kitovu kiko mkono wako wa kulia, kimesogea mbele kidogo. Subiri saa moja au mbili, upime tena kwa dira. Ukibaki mahali pamoja na upepo ukatoka kusini ukaenda mashariki kisha kaskazini, uko upande wa kushoto wa njia, ule wa hatari. Ndivyo unavyotarajiwa kugeuka kwa mtu wa Kilwa au Songosongo. Ukitoka kusini ukaenda magharibi, uko upande wenye nafuu, kama Dar na Unguja. Usipogeuka kabisa na huku baromita ikiendelea kuporomoka, kitovu kinakujia wewe.

Bandari zinazogeuka

Neno nafuu hapo juu lina mtego. Bandari ya Unguja mjini inatazama magharibi, na hivyo imejengwa na karne za kusi na kaskazi: kisiwa kinakinga pepo zote mbili za msimu. Kimbunga kikipita kusini ya Unguja, upepo wa kilele unatoka magharibi, mahali pasipo na kinga yoyote isipokuwa visiwa vidogo na mafungu. Vyombo vilivyolala kwa raha mwaka mzima vinajikuta vimefunga nanga kwenye pwani inayopigwa. Mwaka 1872 merikebu za Sultani Barghash ziliangamia ndani ya bandari hiyo hiyo, na mikarafuu ya Unguja ikaangushwa kwa wingi. Hidaya haikufika na nguvu hiyo, lakini fundisho la bandari halibadiliki: mahali salama kwa kusi si lazima pawe salama kwa kimbunga.

Kwa Kilwa mambo ni kinyume. Ndani ya ghuba, nyuma ya Kilwa Kisiwani, kuna vichaka vya mikoko na vijito vinavyokinga upepo wa mashariki vizuri kuliko gati lolote. Chombo kilichoingizwa kwenye kijito cha mikoko na kufungwa kamba nne kwenye mashina kiko mahali pazuri zaidi panapopatikana pwani hii, mradi mwenye chombo asibaki ndani yake.

Aliyebaki kwenye nanga anahitaji hesabu, maana nguvu ya upepo haikui sawasawa na kasi. Inakua kwa mraba wake. Upepo wa kilomita 130 kwa saa unasukuma chombo kwa zaidi ya mara 10 ya upepo wa kilomita 40, ambao ndio kiwango ambacho TMA huanza kutolea angalizo. Kamba iliyoshika kusi yote ya mwaka jana haijathibitisha chochote. Tuchukue boti ya faiba ya mita 8, iliyofungwa penye kina cha mita 2 maji yakiwa yamekupwa. Ongeza mita 1.5 za maji kujaa kwa maji mafu (siku ambazo maji hupanda kidogo), mita 1 ya maji yanayosukumwa na dhoruba, na mita 1 ya urefu wa omo, sehemu ya mbele ya chombo, juu ya maji. Jumla mita 5.5. Amari, yaani kamba ya nanga, inatakiwa iwe mara 7 ya hapo, yaani karibu mita 40, na mita 5 au 6 za kwanza kutoka kwenye nanga ziwe mnyororo ili mvuto ulale chini. Vyombo vingi madikoni vina kamba ya mita 15 hadi 20. Mvuto ukiwa wa juu, nanga inang'oka hata ikiwa nzito.

Nanga mbili ni bora kuliko moja, na hapa ujuzi wa upande unalipa. Ya kwanza itupwe kuelekea kusini, kwa upepo wa mwanzo. Ya pili ielekezwe unakotarajia upepo ugeukie: magharibi kwa aliye Unguja au Dar, mashariki kwa aliye kusini ya kitovu. Ukitupa zote mbili upande mmoja, upepo ukigeuka zinajisokota na kung'oana. Sehemu amari inapogusa ukingo wa chombo ivishwe kipande cha mpira wa maji au gunia lililokunjwa mara kadhaa, kwa sababu kamba nyingi hazikatiki katikati. Zinasagika hapo kwenye ukingo ndani ya saa mbili tatu. Mashine ivuliwe ipelekwe nyumbani. Turubai, kofia ya jua na chochote kinachoshika upepo kitolewe.

Kwa ngalawa na mtumbwi, nanga isifikiriwe kabisa. Viburutwe mpaka nyuma ya mstari wa taka zilizoachwa na bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) iliyopita, na mita kadhaa zaidi, vifungwe kwenye mnazi kwa chini, siyo juu. Tanga na foromali, mti unaobeba tanga, viondoke.

Mwezi uliotuokoa

Jambo la pili halikuzungumzwa sana wakati ule, nami naliona zito kuliko kasi ya upepo. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1 Mei, na mwezi mwandamo tarehe 8. Hidaya ilitua tarehe 4 usiku, mwezi ukiwa siku ya 24 au 25 wa Mfunguo Mosi. Yalikuwa maji mafu, ndiyo kwanza yanaanza kuvimba. Kwenye pwani yetu bamvua inaleta tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, na nyakati fulani inakaribia 4. Maji mafu yana mita 1 na kitu. Maji yaliyojaa usiku ule yalikuwa chini ya yale ya bamvua kwa karibu mita nzima.

Kimbunga kinainua bahari kwa njia mbili. Mgandamizo ukishuka hektopaskali 1, maji yanapanda sentimita 1 hivi. Hiyo ni sehemu ndogo. Kubwa ni upepo kusukuma maji yajirundike pwani, na hilo linategemea sana umbo la chini ya bahari. Mtwara na Lindi bahari inazama ghafla kilomita chache tu kutoka ufukweni, kwa hiyo maji yanayosukumwa yana njia ya kurudi chini chini. Kati ya Mafia na mdomo wa Rufiji ni kinyume: kina kidogo, matope, mafungu, na njia ya maji nyembamba. Maji yakisukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Sasa weka Hidaya yenye nguvu za Ijumaa, siyo zile za Jumamosi usiku, uitue usiku wa tarehe 9 badala ya tarehe 4. Mita moja ya ziada ya bamvua juu ya maji yaliyorundikwa, juu ya Rufiji iliyokwishafurika kutoka bara na kukosa pa kumwagia. Vijiji vya delta viko chini mno kuhimili hilo. Mpango wowote wa tahadhari wa Rufiji, Kibiti na Mafia unatakiwa uwe na kalenda ya mwezi pembeni ya ramani ya kimbunga.

Na kwa nini nguvu za Ijumaa hazikufika? Hidaya ilikuwa kimbunga chenye umbo dogo, na vidogo hupanda na kuporomoka haraka. Kikikaribia pwani kinaanza kuvuta hewa kavu ya bara, pepo za juu zinazotofautiana na za chini zinakikata kiwiliwili, na kusi inayoanza kuingia inaleta hewa ya baridi zaidi. Upepo ulikufa. Unyevu haukufa nao. Mawingu yaliyokwishabeba maji yaliyamwaga hata baada ya jina kufutwa kwenye ramani, ndiyo maana barabara ilikatika Jumapili na si Ijumaa.

Siku nne, kwa aliye dago

Wanaoathirika zaidi na taarifa kuchelewa si wakazi wa mjini bali wavuvi walioko dago, yaani kambi za uvuvi, kwenye visiwa vidogo, mathalani vya Songosongo, wenye maji ya kunywa ya siku chache na mtandao unaokuja na kupotea. Kwao Alhamisi ndiyo siku ya kuondoka. Ijumaa asubuhi ni ya mwisho. Sababu ni yale mawimbi yanayotangulia: kufikia Ijumaa usiku mawimbi yanaweza kuwa yanapasuka kwenye mlango wa kupitia mwamba ingawa upepo bado ni wa kawaida. Wimbi huvunjika kina kikiwa karibu mara 1.3 ya kimo chake. Mlango wa mita 3 unaopitika siku zote unafungwa na wimbi la mita 2.3. Na wimbi refu linainuka zaidi linapopanda mwamba kuliko fupi la kimo hicho hicho, kwa hiyo kimo ulichokiona nje sicho utakachokutana nacho mlangoni.

Katika kusoma taarifa za TMA, ngazi zao tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zichukuliwe kama zilivyo, lakini muhimu zaidi ni sehemu inayotaja umbali wa kitovu, upande kinakoelekea na saa taarifa ilipotolewa. Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu mara nyingi umekatwa saa yake. Taarifa ya juzi ikisambaa leo kimbunga kinaonekana kimerudi nyuma, watu wanalegea. Andika umbali na saa kwenye karatasi, taarifa tatu mfululizo, utapata mwendo wake mwenyewe.

Baada ya kitovu kupita, upepo unaweza kutoka kaskazini kwa saa chache. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima karibu sehemu zote za Tanzania, na mapema kusi hufikia kilomita 4 hadi 7 kwa saa. Upepo wa kaskazini ukikutana na mkondo huo uso kwa uso unajenga mawimbi mafupi, wima, yanayovunjikia ndani ya chombo. Nje ya Mafia na Ras Kanzi hali hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko ya dhoruba yenyewe kwa chombo kidogo. Subiri kusi irudi na mawimbi yashuke. Saa 24 baada ya tangazo la mwisho ni kipimo cha chini, siyo cha juu. Msimu nao haukuwa umekwisha: kabla Mei haijaisha dhoruba nyingine, Ialy, ilipanda kaskazini na kuchafua bahari hadi pwani ya Kenya.

Kilichobaki majini yalikuwa magogo. Rufiji na mito ya Kilwa ilishusha miti mizima, mingine ikalala nusu chini ya maji, isionekane mpaka omo iigonge. Mingi ilitupwa ufukweni na maji mafu ya tarehe 4 na 5, ikaonekana imetulia. Bamvua ya tarehe 9 na 10 ndiyo iliyotarajiwa kuinyanyua tena, usiku, na kuirudisha kwenye njia za boti.